Idhini Hufa na Aliyeitoa

Karani wa Salta hakuinua macho.
"Barua hii ya idhini," akasema, "sasa ni karatasi tu.
Idhini hufa na aliyeitoa."
Akairudisha chini ya kioo,
sahihi ya kaka yangu Fermín ikinitazama
kwa ile F yake yenye mkia mrefu kama wa panya.

Nilikuwa na helmeti mkononi.
Nilidhani safari huanza na helmeti.

Basi nikajifunza. Pikipiki ya marehemu
inaweza kwenda sokoni na kurudi,
inaweza kulala uani hadi kuku watage juu ya kiti,
lakini mpakani watauliza: mwenye chombo yuko wapi?
Nawe utajibu nini? Kwamba anakuja nyuma?

Miezi minane ya mirathi.
Cheti cha kifo, nakala tatu, kila moja na muhuri wake.
Cheti changu cha kuzaliwa, kuthibitisha kwamba tumbo ni moja.
Mama akaja kwa basi kutoka Cachi, amevaa viatu vya kanisani,
akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa,
kisha akaufuta wino kwenye shali, polepole,
hadi karani akamwita anayefuata.

Bima nayo ina lugha yake.
"Inakulinda hadi kwenye kizuizi," wakala akasema.
"Hatua moja mbele, ni wewe na Mungu wako."
Nikalipa nyongeza. Nikasoma maandishi madogo
kwa miwani ya mama. Nikauliza
huyo mtu wa tatu anayetajwa kila mstari ni nani,
maana nyumbani tumebaki wawili.

Fundi Wenceslao hakutaka habari za karatasi.
"Kule juu injini hupaliwa kama mtu.
Hewa haba, petroli tele, inasongwa."
Akanipa jeti ya shaba, ndogo kuliko punje ya mahindi,
akanilazimisha kuifungua kabureta na kuifunga
mara tano, usiku, bila taa.
"Kule mimi sipo."
Waya wa klachi wa akiba tukaulaza ubavuni mwa ule mzee.
Tyubu mbili. Dumu la lita tano.
Nakala za hati chini ya soli ya buti,
hati zenyewe kifuani.

Jama. Mita elfu nne na ushee.
Kichwa kinagonga, upepo unavuta kila kilicholegea.
Kibao kinasema: matunda, nyama, jibini, mbegu, haviingii Chile.
Mama alikuwa amenifungia machungwa manne.

Sikuweza kuyatupa.
Nikasimama upande usio na upepo wa lori la Mparagwai mmoja,
Eleuterio, tukagawana, mawili kwa mawili,
tukala haraka kama wezi,
na mbwa wa forodha akitutazama
kwa subira ya mtumishi wa serikali.

Ofisa alikuwa kijana, midomo imepasuka kwa baridi.
Akapitia hati moja moja, akapiga magoti,
akaimulika namba ya injini kwa tochi.
"Nélida Fabiana Guaymás. Wewe ndiye mwenye chombo?"

Nilikuwa nimeliandika jibu hilo kwenye fomu kumi na moja.
Sikuwahi kulisema.
"Ni mimi."

Akagonga muhuri. Kinaingia kwa muda, siku tisini.
"Tarehe hii kiwe kimesharudi," akasema,
akaizungushia duara, asije akalaumiwa.
Nikatia sahihi. Karatasi ikanuka chungwa.

Fermín alitoka alfajiri kwenda kununua mkate,
kwa miguu, pikipiki akaiacha uani,
na hakuna aliyemzungushia tarehe.

Nikaikunja fomu mara nne.
Mbele ni mteremko mrefu, kokoto, mwanga mkali.
Gia ya pili. Acha injini ishike, breki usiichoshe.
Ndivyo alivyosema Wenceslao.